JUMBE ALIYETAKIWA WATU ISHIRINI: Hukumu ya Mwenye Kuwachagua Wenziwe Wende Vitani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeiharamisha dhulma baina ya waja wake. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baadu. Katika mji wa Arusha, chini ya mlima Meru, liko boma la kale walilolijenga Wajerumani yapata mwaka 1900. Leo boma hilo ni nyumba ya makumbusho, na wageni huingia wakatazama, wakatoka. Lakini kuta zake zilisimamishwa kwa mikono ya Waarusha na Wameru, waliotozwa kazi kwa nguvu baada ya kushindwa vitani. Na katika Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru walinyongwa huko Moshi, pamoja na viongozi wengine. Tangu siku hiyo kila mwenye cheo katika nchi ile alijua kwamba amri itokayo bomani hairudishwi mikono mitupu.

Na katika boma lile, pamoja na Wazungu wachache, walikuwamo watu wa pwani: askari, na makarani, na wakalimani, na kandokando yake wakakaa wafanya biashara. Wengi katika hao walikuwa Waislamu. Wao ndio walioipokea amri kwa Mzungu wakaifikisha kwa mangi na kwa mzee wa mtaa, na wao ndio waliohesabu watu walipoletwa. Kwa hiyo masala haya hayawahusu watu wa mlimani peke yao. Yawahusu khasa watu wa pwani, kwani katika babu zao wamo walioshika daftari.

Vita vikuu vilipozuka mwaka 1914, moto ulifika Meru upesi. Tarehe 3 Novemba 1914 palipiganwa Longido, kaskazini ya mlima huo. Katika Machi 1916 Waingereza waliingia Arusha, na mwanzo wa Aprili jeshi la Jenerali van Deventer likatoka hapo kuelekea Kondoa Irangi, na masika yakinyesha. Farasi wakafa kwa ugonjwa wa ndorobo, na njia zikawa matope. Mzigo usioweza kuchukuliwa na mnyama wala gari ukatwikwa kichwani mwa mwanadamu. Dola zote mbili zikataka wapagazi, na killa nchi ilipobadilika mwenyewe, yule aliyeingia aliwataka watu kama alivyowataka aliyetoka.

Upande wa Kenya ilitungwa sharia mwaka 1915 ya kuwatwaa wapagazi kwa nguvu, na ujira wao ukateremshwa hatta rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ikaja kamata kubwa iliyosimamiwa na John Ainsworth, na kwa miezi michache wakatolewa watu zaidi ya 100,000. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa upande wao katika vita vile ni wapata 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi; walikufa kwa kuhara damu, na homa, na kichomi, na chakula kisichopikika. Upande wa Wajerumani hapakuwekwa hesabu kamili. Maelfu ya ujira wa waliokufa haukumfikia mrithi hatta mmoja. Jina la Kariakoo, ambalo watu wa Dar es Salaam hulitaja killa siku waendapo sokoni, latokana na jeshi hilo la wapagazi, na wachache wakumbuao hayo wanunuapo nazi.

Basi hii ndiyo sura ya masala. Bakari ni jumbe. Amri yamjia: katika siku tatu alete wanaume ishirini wa kuchukua mizigo ya vita, asipowaleta atapigwa viboko na kufungwa, na kijiji chake kitatozwa mifugo. Vita hivyo si vyake wala si vya watu wake, na hapana aliyemwuliza kama ni vya haki. Bakari akaketi usiku akafikiri majina. Mwanawe hakumwandika, wala mtoto wa ndugu yake, wala mtoto wa tajiri aliyemkopesha. Akamwandika yatima asiyekuwa na ami. Akamwandika mgeni aliyehamia juzi. Akamwandika mwana wa mjane, na mzalia asiyejua ukoo wake, na yule aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Asubuhi wakakamatwa, wakafungwa kamba, wakapelekwa bomani. Karani akahesabu, idadi ikatimia. Katika ishirini walirudi wanane. Je, Bakari ana dhambi, au dhambi yote ni ya aliyemwamrisha?

Watetezi wa Bakari wana hoja tatu, nazo si hoja za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba alilazimishwa, na mwenye kulazimishwa hana lawama. Jawabu ni kwamba ulazima una masharti yake katika sharia: mwenye kutisha awe aweza kulitimiza tisho lake, na mwenye kutishwa asiwe na njia ya kukimbia wala ya kujikinga, naye awe na yakini au dhana yenye nguvu kwamba tisho litampata. Masharti hayo yakitimia, yasamehewa mambo mengi, hatta kutamka tamko la kufuru na hali moyo umetulia katika imani. Lakini maulama wamewafikiana kwamba kumwua asiyekuwa na hatia hakuhalaliki kwa kulazimishwa, kwani nafsi ya mwenye kutishwa si bora kuliko nafsi ya mwenziwe. Na katika madhhabu ya Shafii, kwa kauli yenye nguvu zaidi, kisasi huwa juu ya wote wawili, aliyelazimisha na aliyelazimishwa.

Atasema mtu: Bakari hakuua, aliwatoa watu wakachukue mizigo. Ni kweli, na kwa hivyo hapasemwi kwamba ana kisasi. Lakini litazamwe jambo moja ambalo Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, amelitaja katika Minhaj. Mdhalimu akimwambia mtu amwue Zaidi au Amru, ama sivyo atauawa yeye, kisha mtu huyo akamwua Zaidi, basi huo hauitwi ulazima. Kwa nini? Kwa sababu aliachiwa kuchagua, na Zaidi alikufa kwa kuchaguliwa. Hapa ndipo ilipo roho ya masala yote. Amri ya bomani ilitaja ishirini. Haikumtaja yatima wala mwana wa mjane. Idadi ilikuwa ya Mzungu, lakini majina yalikuwa ya Bakari. Aliloshurutishwa ni kutoa watu, na alilolifanya kwa hiari yake ni kumtoa yule asiyekuwa na wa kumlilia. Siku ya Kiama hataulizwa kwa nini walitakiwa ishirini. Ataulizwa kwa nini alikuwa huyu.

Hoja ya pili ni ya dhara mbili: bora waende ishirini kuliko kijiji kizima kuangamia. Kanuni ya kuchukua dhara nyepesi ni ya kweli katika sharia, lakini ina mahali pake na mpaka wake. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, ametaja katika Mustasfa mfano wa jahazi, na watu wa pwani wataufahamu kuliko wengine wote. Jahazi limezidiwa, na lau atatupwa mmoja baharini wataokoka waliobaki, na asipotupwa wataghariki wote. Amesema haifai kumtupa, wala kura haina asili ya kumhalalisha mtu kughariki. Na mafakihi wa Kishafii wakaongeza: mali hutupwa ili watu waokoke, lakini hapatupwi mtumwa ili waokoke waungwana. Na ayazingatie maneno hayo mtu wa pwani, ambaye katika miji yake watu waliuzwa na kununuliwa. Katika zama ambazo mtumwa alihesabiwa katika mali, mafakihi walikataa ahesabiwe katika shehena. Lilipofika jambo la roho, waliona watu tu chomboni.

Na lau itasemwa kwamba uchukuzi si kughariki, kwani wengine walirudi, basi hilo lapunguza uzito wa kosa wala halibadilishi upande wake. Mzigo usiokuwa wa mauti hakika hugawanywa kwa uadilifu, na hapo kura ina nafasi: katika kura Nabii Zakariya alipata ulezi wa Maryamu, na Mtume s.a.w. alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri. Lakini sharti ya kura ni kwamba wote waingie. Kura isiyokuwa na jina la mtoto wa jumbe si kura, ni hukumu iliyokwisha pitishwa.

Hoja ya tatu ni utiifu: mwenye mamlaka ameamrisha, na raia hana budi kutii. Jawabu lake liko katika kisa kilichopokewa kwa njia sahihi. Mtume s.a.w. alipeleka kikosi na amiri wake, akawaamrisha watu wamtii. Amiri yule akakasirika njiani, akaamrisha zikusanywe kuni, zikawashwa, kisha akawaambia waingie motoni. Wengine wakakaribia kuingia, na wengine wakashikana wakasema kwamba walimkimbilia Mtume ili waepukane na moto. Wakawa katika hali hiyo hatta moto ukazimika na hasira yake ikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume s.a.w. alieleza kwamba lau wangaliingia wasingalitoka kamwe, na kwamba utiifu ni katika jambo jema tu. Amiri huyo alikuwa Mwislamu, amewekwa na Mtume mwenyewe. Na hatta hivyo amri yake ilikuwa na mpaka. Itakuwaje amri ya dola ya kigeni inayopigania ardhi na dola ya kigeni nyengine? Katika vita vile walikuwamo Waislamu wa pwani katika jeshi la Wajerumani, na Waislamu katika jeshi la Waingereza. Na Sultani wa Uturuki alipotangaza jihadi katika Novemba 1914, dola zote mbili zikatafuta maneno ya dini ya kutia vinywani mwa watu. Walioelekea kibla kimoja wakalengana bunduki, na mpagani aliyebeba risasi zao hakujua ugomvi ulianzia wapi.

Haisemwi hapa kwamba vita vyote ni haramu. Jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera katika Oktoba 1978, likaua watu na kupora, waliotoka kulizuia walikuwa wakilinda nchi, na kulinda nafsi na majumba ni jambo lililoruhusiwa. Lakini hatta katika vita vya haki, sharia yatazama ni nani anayetoka. Kipofu ameachiliwa, na kiguru, na mgonjwa. Ibn Umar alirudishwa siku ya Uhud kwa kuwa umri wake ulikuwa miaka 14. Mtu aliyetaka kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai, na alipojibu kwamba wako, alirudishwa akawatumikie. Mwenye deni hatoki illa kwa idhini ya anayemdai. Basi sharia humwuliza mtu: ni nani aliye nyuma yako, anayekutegemea? Na Bakari naye alimtazama mtu akauliza: ni nani aliye nyuma yako, atakayekutetea? Swali lafanana kwa sura, na baina yao ni umbali wa mbingu na ardhi. Kwa swali la kwanza mwana wa mjane hubakishwa. Kwa swali la pili huwa wa kwanza kufungwa kamba.

Na kigezo kipo. Siku ya Badri, Makureshi walipotaka watu watatu wa kupambana nao mbele ya safu, walitoka vijana watatu wa Kiansari. Makureshi wakawakataa, wakataka watu wa ukoo wao. Mtume s.a.w. akamwita Hamza, naye ni ami yake. Akamwita Ali, naye ni mtoto wa ami yake. Akamwita Ubaida bin Harith, naye ni katika jamaa zake. Ubaida alijeruhiwa akafa kwa jeraha lile. Siku ile walikuwapo mayatima na wageni katika jeshi. Hakuitwa hatta mmoja katika hao. Mwenye kutakiwa watu alianza na nyumba yake.

Itaulizwa: basi Bakari angalifanya nini, na Meli na Lobulu amesikia walivyonyongwa? Hapana wajibu wa kumtaka killa jumbe awe shahidi, na mwenye kuketi salama leo asiwe mwepesi wa kumhukumu aliyekuwa na kamba mbele yake. Lakini baina ya kufa na kumtoa yatima ziko daraja nyingi, na Bakari hakukanyaga hatta moja. Angaliweza kuwakusanya watu wote akawasomea amri kama ilivyokuja, wala asiifiche usiku. Angaliweza kuomba idadi ipunguzwe. Angaliweza kutia jina la mwanawe katika kura. Angaliweza kuuvua ujumbe, akapoteza kilemba na mshahara. Na lau yote yangalishindikana, angalibaki na kuchukia moyoni, kisha kuwatunza watoto wa waliokwenda. Nayo ndiyo daraja ya chini kabisa.

Na wapo waliosimama. Huko Ugiriama mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, aliwakusanya watu wakala kiapo Kaya Fungo kwamba hawatatoa vijana wao wala kodi, na akawalaumu wakubwa waliowekwa na Serikali kwa kuwasaliti watu. Husimuliwa kwamba alimwekea afisa wa Kizungu kuku na vifaranga vyake, akamwambia atwae kifaranga kimoja. Alipotia mkono, kuku akamdona. Akahamishwa akapelekwa mbali Kisii, na katika Agosti 1914, mwezi ule ule wa kuanza vita vikuu, Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti. Na huko huko Meru, katika Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Hawakuinua mkono, wala hawakukubali kwamba ni haki. Na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hatta New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa siku ile. Lakini hapana mtu awezaye kusema leo kwamba Wameru waliridhia. Hao wote wawili hawakuwa Waislamu, na hekima ni kitu kilichompotea Muumini, apatapo huiokota.

Asidhani mtu kwamba khabari hii imezikwa pamoja na rupia. Katika Januari 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kifo cha kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani huko, kisha akaahidiwa msamaha wa kifungo akikubali kupigana katika kundi la Wagner. Akapelekwa Ukraine, akafa katika Oktoba 2022. Aliyemwendea mfungwa, tena mgeni, tena asiye na jamaa karibu, alifikiri kama alivyofikiri Bakari usiku ule. Na walio pwani wajua kwamba wamekuja kwao pia watu wa kunong'ona misikitini na vijiweni, wakawatafuta vijana wa vita vya watu wengine, na hawakumfuata kamwe kijana mwenye kazi na baba mkali. Killa mwenye kauli juu ya mwenziwe ni jumbe kwa kiasi chake: mzazi, na mwalimu wa chuo, na mwenyekiti wa mtaa, na wakala aandikaye majina. Akitakiwa watu, na aanze kwa kuuliza jambo lenyewe ni la haki au si la haki. Likiwa si la haki, asitoe jina lolote. Likiwa la haki, na lianze jina la nyumbani kwake.

Limebaki jambo moja. Toba ya haki ya Mwenyiezi Mungu hutimia kwa kujuta na kuacha na kuazimia kutorudi. Lakini haki ya mja haiondoki mpaka irudishwe kwake au kwa mrithi wake, au asamehe. Walipokwenda wapagazi, mashamba yao yalibaki. Mengine yalishikwa na jamaa zao. Na lau liko shamba lililoingia mkononi mwa aliyemwandika mwenyewe, kisha likarithiwa, likapandwa minazi au migomba, na leo lina nyumba juu yake, basi sharia haihesabu miaka katika ghasbu. Mwenye kulikalia hali ya kujua aulize wazee waliobaki, amtafute mjukuu wa mwenyewe, amwendee. Na asipompata baada ya kutafuta kwa kweli, thamani yake itolewe katika maslaha ya Waislamu, wala asile. Na majina ya waliotolewa yaandikwe kabla hawajafa wayajuao. Karani wa boma aliandika ishirini. Mama zao walikuwa na jina la killa mmoja.

Mwenyiezi Mungu awarehemu waliokufa njiani hali ya Uislamu, awape wote waliodhulumiwa haki zao siku ambayo hapana daftari litakalofichwa, na awape wenye amri ya leo khofu yake. Wallahu aalam.